Spiriti Moyoni mwa Mama

Mama alikuwa na namna yake ya kuficha. Tukitoka sokoni kurudi nyumbani Mbegani, pumzi ikimwishia, husimama akafunga kanga upya, kana kwamba imelegea. Kanga hiyo ilimsaliti siku alipoanguka ameishika mkononi.

Dar es Salaam, daktari alituonyesha moyo wake kwenye skrini ya ultrasaundi: ukuta wa katikati umenenepa hadi unabana njia ya damu. Vidonge vilikwisha kushindwa. Alitaka kupitisha mrija mwembamba kutoka pajani hadi kwenye mshipa mdogo unaolisha ule unene, atie matone ya spiriti yaue nyama iliyozidi.

"Spiriti ipi?" mama akauliza. "Pombe hii hii?"

"Ndiyo, mama. Ila kali zaidi."

"Astaghfirullah! Sijaionja tangu nizaliwe, leo niipeleke moyoni moja kwa moja?"

Mjomba akacheka. "Dada, ukirudi unapepesuka tutasema ni dawa."

Mimi sikucheka. Nilimuuliza daktari spiriti itajuaje pa kukaa. Akasema haijui, ndiyo maana hutanguliza dawa inayong'aa kwenye ultrasaundi. Inapong'aa ndipo spiriti itakapofika.

"Iking'aa pasipotakiwa?"

"Natafuta mshipa mwingine."

"Na usipoupata, baba?" mama akadakia.

"Nachomoa mrija, sitii kitu."

Nilikuwa bado na maswali. Mama akanikatisha: "Basi wewe, mchoshe mwingine. Mtu anayejua kuacha, huyo nampa moyo wangu."

Siku yenyewe daktari alitoka chumba cha matibabu akiwa na barakoa shingoni. Mshipa wa kwanza uling'arisha msuli unaoshikilia valvu, kile kilango cha moyo, akauacha. Wa pili ndio uliokuwa wenyewe, na damu sasa inapita. Nikamwomba nione. Akanionyesha picha: weupe umetua pale pale kwenye unene, haukugusa pengine. Niliutazama mpaka nikakosa la kuuliza.

"Kifua kiliwaka moto," mama alisema wodini, "kisha kikanyamaza. Na wala silewi."

Miezi imepita. Juzi tulitoka sokoni, na mahali pale pale pa siku zote akasimama, akashika kanga. Nikatupa kikapu, nikamkimbilia.

"Unanitolea macho ya nini?" akasema. "Leo imelegea kweli."

Akaikaza, akanitangulia.