Kabati Lililofundishwa Kuimba

Masikio ya Randa yalianza kumwaga vitu kimoja kimoja, kama mfuko uliotoboka pembeni. Kwanza zilidondoka kengele za baiskeli. Wakafuata mbu, na hao hakuwalilia. Kisha ndege wa asubuhi, kisha maneno ya watu wapole. Miaka thelathini na minne alikuwa amesimama mbele ya mashine ya kuranda mbao, ile iliyofanya kuku wa mtaa wa tatu watage mayai yasiyo na ganda, na hakuwahi kuziba masikio hata kwa kipande cha pamba. Wenzake walioziba aliwacheka, akawauliza kama wameolewa.

Sasa daktari wa masikio, koo lilipomkauka kwa kupiga kelele, alivuta karatasi akamwandikia: la kulia limekwisha, la kushoto lina miezi sita, pengine pungufu. Sauti nyembamba zimeshaondoka. Nzito zitafuata.

Randa aliikunja karatasi, akaitia mfukoni pamoja na penseli yake bapa, akaenda nyumbani bila kumsalimu mtu, moja kwa moja hadi kwenye rafu ya sebuleni.

Kwenye rafu hiyo zilikaa spika mbili, ndogo kiasi kwamba mjusi akizipita alizitazama kwa dharau. Katikati yake kulikuwa na redio ya kanda, na ndani ya redio kanda moja: marehemu mkewe akiimba na kikundi cha wafanyakazi wa posta, wote wakiwa wamezunguka maikrofoni moja. Marehemu alikuwa na sauti nzito, wacha mchezo. Akipokea simu aliitwa kaka. Akikohoa chumbani, wageni sebuleni walitafuta viatu vyao. Watu walimwita Pipa, naye aliitika bila kununa.

Wimbo ukiisha, kanda ilikuwa bado inazunguka, na Pipa alisikika akimwambia mrekodi: "Haya zima, kaka. Nina mume nyumbani, nikichelewa anatafuna misumari." Maana Randa, kama maseremala wengi, alishika misumari kwa midomo akifanya kazi, na mkewe alikula kiapo kwamba ameshameza nusu kilo.

Maneno hayo Randa aliyajua kuliko jina lake. Hakuwa akitafuta maneno. Alikuwa akitafuta ule mngurumo uliokuwa ukimwamsha, ukimtuma dukani, ukimgombeza kwa vumbi la mbao kitandani. Spika za rafuni zilimpa mkwaruzo tu, kama panya anayefungua barua. Alizikumbatia, akabandika sikio la kushoto kwenye kitambaa cha mbele mpaka shavu likapigwa chapa ya miraba. Mkwaruzo. Kifaa cha sikioni nacho kilimletea vijiko vya jirani, milango ya jirani, na mkewe akiwa bata.

"Vikopo hivi havina kifua!" fundi redio aliyemwita alimpigia kelele usoni, ili asome midomo. "Pipa haingii humu, Randa! Ni kumvalisha tembo soksi!"

"Sasa nifanyeje?"

"Spika za kusimama chini! Ndefu, zikufike kiunoni! Koni kubwa za kutolea sauti ninazo, zimetoka kwenye ukumbi uliobomolewa. Maboksi utachonga mwenyewe, si fundi wewe? Ila mbao iwe nzito, kavu, iliyokaa miaka. Mbao mbichi inakohoa!"

Mbao ya namna hiyo, Randa alijua iko moja tu, na alijua iko wapi. Aliitengeneza mwenyewe mwaka aliooa: kabati la milango miwili, vitasa vikitazamana, na ndani yake magauni ya Pipa yangali yananing'inia vile vile alivyoyaacha.

Siku mbili alilizunguka kabati lile kama mwizi asiyejua dirisha lilipo. Siku ya tatu aliyatoa magauni, akayalaza kitandani moja moja, akayafunika shuka yasione. Kisha akapiga msumeno katikati.

Alikata akilia. Unga wa mbao uliganda usoni, akawa na ndevu za njano. Nusu ya kushoto ikawa spika moja, nusu ya kulia ikawa ya pili. Kwa kuwa mkono wake ulizoea milango ya kabati, alizitengeneza zitazamane kwa kila kitu: mishipa ya mbao itazamane, pembe zitazamane, hata vishikio vya waya kule nyuma vitazamane. Akapaka vanishi kila mahali, mpaka juu ya zile alama ndogo za rangi alizoziweka fundi redio kuonyesha waya upi uende wapi. Hakujali. Seremala anajua mpangilio: huku na huku, waya mwekundu upande wa ndani, mweusi upande wa nje. Ikapendeza.

Jumapili alasiri shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuja kama kawaida yake kuyaanika magauni ya dada. Aliingia chumbani. Akatoka.

"Kabati liko wapi?"

Randa alionyesha kwa kidole.

Shemeji alizitazama zile spika mbili zilizosimama ukutani kama mabwana harusi, zinang'aa. Kisha akapaza sauti ambayo hata sikio bovu liliidaka. "Umemkata dada yangu vipande viwili!"

"Shemeji, keti."

"Sikai! Ulimzika mara moja, haikutosha? Mtu mzima, na mvi zako, unavunja kabati la mke ucheze muziki?"

"Keti umsikilize," alisema Randa. "Nina miezi sita. Nimeandikiwa. Keti, nakuomba, kisha unitukane mpaka jioni."

Hapo shemeji alikaa, ila kwa hasira, kwenye kiti cha pembeni, bega lake likigusa spika ya kushoto. Randa alikaa kwenye stuli aliyoiweka katikati kabisa. Alikuwa amepima kwa utepe, toka huku na toka huku, isizidi hata upana wa ukucha. Akabonyeza.

Kimya.

Aliongeza sauti. Kimya. Akaongeza mpaka kitufe kikagoma. Aliona vigurudumu vya kanda vikizunguka, aliona vumbi likiruka juu ya spika, na hakusikia kitu, hata ule mkwaruzo wa panya. Miezi sita gani! Alijua sasa kwamba limekwisha leo, kwamba lile la kushoto nalo limezimwa, na kwamba kabati la mkewe limekuwa kuni zenye vanishi. Aliyashika masikio yake kwa mikono miwili, akayavuta kama mtoto anayeadhibiwa. "Pipa," alisema, na hakujua kama amesema au amefikiri.

Alipoinua macho, shemeji alikuwa analia, khanga mdomoni.

Kalilia kabati, aliwaza Randa. Akainuka, akaenda kupiga magoti mbele yake aombe msamaha. Alikuwa peku. Hatua ya pili, sakafu ikamgusa nyayo. Hatua ya tatu, kitu kizito kikampanda magotini, kikaingia tumboni. Akasimama. Akarudi kwenye stuli: kimya. Akaenda kwa shemeji: kitu kile. Akarudi tena.

"Umepagawa?" alisema shemeji, akiishusha khanga. "Dada anaimba, wewe unacheza kidali po kama mtoto?"

Midomo hiyo Randa aliisoma vizuri. Dada anaimba.

Alisimama pale katikati, akifikiri kwa akili aliyokuwa nayo, ya seremala. Aliwakumbuka watu wawili wakihamisha kabati: huyu anasukuma huku, yule anasukuma kule, jasho linawatoka na kabati halitoki. Aliruka nyuma ya spika na kisu. Akakwangua vanishi. Kushoto, chini ya waya mwekundu, alama nyekundu. Kulia, chini ya waya mwekundu, alama nyeusi: hii ikisukuma, ile inavuta.

"Nimewasukumanisha!" alipiga kelele. "Mimi mwenyewe! Kwa sababu ya urembo!"

Waya mmoja aliung'oa kwa meno. Alibadilisha, akarudisha kanda mwanzo, akakaa, nyayo zimebanwa sakafuni.

Pipa alikuja mzima. Alikuja kupitia miguu ya stuli, kupitia mifupa ya makalio, usicheke, kupitia mbavu, na lile sikio la kushoto likadaka lililobaki. Kioo cha dirisha kilitikisika. Shemeji alisema baadaye kwamba paka aliyekuwa juu ya paa la jirani alishuka kwa ngazi. Randa hakupepesa macho. Alikuwa akihesabu beti, kwa kuwa hakujua ni Jumapili ngapi zilizobaki.

Wimbo ukaisha. Kanda ikazunguka.

*Haya zima, kaka. Nina mume nyumbani, nikichelewa anatafuna misumari.*

"Nimeshameza miwili," Randa alijibu, kwa sauti kubwa ya watu wasiosikia. "Njoo."

Shemeji alifuta macho, akainuka kwenda kukunja magauni. Mlangoni aligeuka, akamwonyesha kwa mkono, taratibu, ili aelewe: rudisha mwanzo.