Mama yangu hana mkosi

Leo nimemfokea mwalimu mwenzangu mbele ya wanafunzi, na sijutii!

Nilikuwa nafundisha Kiingereza, maneno yanayoandamana, kama "bad luck", yaani mkosi. Nikaomba mfano.

Binti mmoja akajibu: "Bi Mwanahawa wa vitumbua ana bad luck."

Bi Mwanahawa ni mama yangu. Kafiwa na waume wawili, basi ndilo kosa lake hapa Pangani.

"Nani kakwambia?"

"Mwalimu Athumani. Katukataza kununua kwake siku ya mtihani."

Athumani! Anayempa shikamoo kila asubuhi, na vitumbua vyake anakula!

Nikamwita Athumani mlangoni, wanafunzi wakisikia, nikamfokea: "Hebu rudia uliyowaambia watoto!"

Anatazama viatu.

Nikamwambia kesho aje nyumbani amtake mama radhi.

Jamani, nimekosea?