Msasa wa Kisilu

Kisilu wa mtaa wa Huruma, Nairobi, alikuwa fundi, na hilo alilijua yeye kabla ya mtu mwingine kulijua. Kibandani pake sokoni Gikomba alichonga twiga wa mti wa muhugu, akampiga msasa, akampaka rangi nyeusi ya viatu, na mtalii akaondoka akiamini amenunua mpingo. Mtu wa namna hiyo atashindwaje na kipele?

Vipele vililetwa na wembe. Kila asubuhi alijinyoa kinyume na ndevu, kwa wembe butu aliokwisha kuukatia kucha, na mashavu yakaasi. Balaa ni kwamba ilikuwa imekaribia ile Jumapili ya kupeleka mbuzi wa ntheo kwa Mzee Nzuki, kule mtaa wa Jericho, kumposa binti yake Ndindi. Kwa Wakamba mbuzi hao wasipopokelewa hakuna uchumba. Kisilu alimpenda Ndindi hadi ugali ukamshinda, akaapa kwamba hatasimama mbele ya wakwe na uso wenye milima.

Basi akaketi mbele ya kioo, akavitumbua vyote, kisha akachukua msasa laini.

"We Kisilu, hiyo ni uso, si twiga," rafiki yake Maingi alimwambia.

"Fundi hafundishwi kazi," akajibu, huku anasugua. Alipomaliza akajipaka maji ya ndimu, akaenda kukaa juani ili akauke.

Magamba yalipobanduka, chini yake palikuwa na madoa meusi ti. Miaka yote alikuwa akiwauzia watu rangi nyeusi ya kupaka, na sasa amepata ya kweli, bila kuiagiza.

Jumapili ikafika. Kule Jericho mbuzi walifungwa kwenye nguzo ya kamba ya nguo, wakaanza kutafuna shuka la jirani. Mzee Nzuki, ambaye naye alizeekea katika uchongaji, alimwita Kisilu karibu, akampitisha kidole gumba shavuni kama anayekagua kinyago.

"Kijana, mti mbichi hupigwa msasa?"

"La, Mzee. Hungojwa ukauke."

"Na kipele?"

Aibu ilimchoma Kisilu kuliko ile ndimu.

"Warudishe mbuzi," mzee akasema. "Utawaleta uso ukishapona wenyewe. Mtu asiyeweza kungoja kipele kipone, atamweza binti yangu?"

Mama Ndindi alimhurumia, akamvika kofia pana ya mumewe. "Jua huyakoleza hayo madoa, mwanangu. Nunua wembe mpya, ufuate ndevu zinakoelekea. Na kipele kikitoka, usikiguse."

Ndindi alimsindikiza hadi barabarani, akicheka kwa uchungu.

"Mimi vile vipele hata sikuwa nimeviona," alisema. "Nimeona madoa tu, leo."

Kisilu akashika njia ya Huruma na mbuzi wake, kofia ikimfunika hadi masikioni. Safari nzima shavu lilimwasha. Hakuligusa.