Injini ya Lori kwenye Gari la Bwana Salehe

Msinicheke kabla sijamaliza. Mimi ni fundi magari hapa Mazwi, na kwa muda mrefu nimekuwa nikimshawishi Bwana Salehe, mwenye duka, aliongezee nguvu gari lake kuukuu la Kimarekani. Enzi zake lilisifika kwa mbio. Sasa hata baiskeli zinalipita kilimani. Nilipendekeza kabureta kubwa, kisha pistoni mpya. Akakataa.

Jumatatu akaniletea injini ya lori. "Fundi, iweke kwenye gari. Ijumaa naenda nayo Matai."

Nikajua hatimaye amenielewa. Nikang'oa injini ya zamani. Ya lori ikagoma kuingia. Nikakata vyuma, nikachomelea vingine. Mke wangu akasema, "Baba Ferdi, pumzika." Sikupumzika. Alhamisi ikawaka.

Ijumaa Bwana Salehe akaja na wazee wawili wa kijiji cha ujamaa cha huko Matai. Lori lao lilikuwa limekufa, na mahindi yao yamekwama shambani. Nikawaamkia kwa furaha. Bwana Salehe akapita moja kwa moja nyuma ya gari, akafungua buti, akakuta tairi la akiba tu.

"Fundi, injini ya wazee hawa umeiweka wapi?"

Nikaenda mbele, nikafungua boneti.