Gitaa la Shimo la Kariuki

Enzi zetu gitaa halikununuliwa, lilichimbwa. Wewe uliyekulia Tetu, au ng'ambo kule Kianyaga, na ukachunga ng'ombe wa baba yako likizo nzima, unajua ninachosema. Ulichimba shimo la kina cha goti. Ukatafuta debe kuukuu la mafuta ya kupikia, ukalipasua, ukalinyoosha kwa jiwe, kisha ukalilaza juu ya shimo na kulipigilia vigingi pembeni. Katikati ya bati ulitoboa tundu na kupitisha waya wa breki ya baiskeli wenye fundo chini, na ncha ya juu ukaifunga kwenye ufito uliochomekwa kando ya shimo na kupindwa kama mtego wa ndege. Ukiuchuna waya, ardhi inaitika. Ukiukaza ufito, sauti inapanda, ukiulegeza, inashuka. Tuliliita gitaa la shimo, na hatukujua kama kuna watu duniani wenye gitaa la namna nyingine.

Nakumbuka asubuhi za Agosti, ukungu umelala juu ya majani ya chai na vidole vimekufa ganzi hata kufunga kifungo ni kazi. Tulibeba githeri baridi kwenye makopo, na viazi vitamu vilivyotoka majivuni tulivitia mifukoni ili vitupashe mapaja joto kabla hatujavila. Ng'ombe wakishatulia, kila mtoto alienda kwenye shimo lake. Mama alitupigia kelele kutoka juu mlimani, "Hao ng'ombe wakiingia kwa kahawa ya watu, leo mtalala kwa hiyo shimo yenu." Na kweli ng'ombe waliingia, si mara moja, na tulilala nyumbani lakini kwa tumbo, maana mgongo haukulalika.

Sasa nikwambie habari za Kariuki. Alikuwa jirani yetu, tukisoma darasa moja, mtoto mwembamba ambaye pua yake ilitiririka Januari hadi Desemba. Gitaa lake lilikuwa kwenye kona ya malisho, chini ya mti wa muringa. Mwanzoni lilikuwa kama yetu tu, linasema dub, basi. Halafu likizo moja, ghafla, likabadilika. Lilianza chini kabisa, likavimba, likakaa hewani, na wanawake waliokuwa wakichuma chai ng'ambo ya mto wakainua vichwa kutafuta linakotoka. Tulimbembeleza atuambie siri. "Ni mkono," alisema, akipangusa pua. Bati hakumruhusu mtu kulifunua. Kaka yangu Gichuki alijaribu siku moja, Kariuki akamng'ata mkononi, na alama anayo hadi leo. Kabla mwaka haujaisha baba yake Kariuki alipata kazi kwenye kiwanda cha chai huko Kianyaga, wakahama, na mwenzetu hakuja hata kutuaga.

Mimi ni mtu wa kuulizauliza tangu utotoni. Jambo hilo lilinikaa kichwani kama mbegu ya pera kwenye jino.

Mwaka huo nami nilikuwa na msiba wangu mdogo. Cucu, mama yake baba, hakunywa maji ya dumu la plastiki. Alisema yananuka mafuta ya taa. Alikuwa na mtungi wa udongo aliokuja nao alipoolewa, wenye alama tatu za kidole gumba chini ya mdomo, na kila jioni mjukuu mmoja alitumwa nao chemchemini, mtungi mgongoni, mkanda wa ngozi kichwani. Ukifika mlangoni ilikuwa lazima useme, "Cucu, maji ndiyo haya." Naye alijibu kutoka ndani, bila kukuona, "Weka polepole." Siku moja ya zamu yangu niliwakuta wasichana wakicheza kati njiani. Nikauweka mtungi nyasini, mtupu, nikaingia katikati nirushiwe mpira mchezo mmoja tu. Niliporudi, haukuwepo.

Nililia, nikasema kweli yote: niliuacha nyasini, sikuuvunja. Cucu alitafuta vigae kwa siku mbili, akiinama kando ya njia na bakora yake, na alipovikosa akaamua kwamba nimevificha. Mama alinichapa. Cucu hakunichapa. Aliniambia tu, "Kuvunja ningekusamehe. Lakini kunidanganya, Nyawira, hapana." Hakunituma maji tena. Niliolewa, nikazaa, nikamletea watoto wangu awabariki, na akafa akiamini hivyo.

Ukoo wetu nao ukaligeuza jambo hilo kuwa kichekesho cha kudumu. Siku ya ruracio yangu mwenyewe, mahari ilipoletwa, wenzangu walipobeba vikombe na masahani, mimi nilipewa mikate. Kwenye mazishi ya Cucu nilibeba mikeka. Gichuki alikuwa mstari wa mbele kila mara: "Thamosi msimpe Nyawira." Watu walicheka, nami nilicheka nao, maana ungefanya nini. Lakini sijawahi kucheka kwa moyo, kwa sababu sikuwa nimesema uongo.

Siku hizi ninauza mbegu na mbolea kwenye duka dogo hapa senta. Kazi hii inakufundisha kuuangalia udongo, na nilipouangalia sana nikaanza kushuku kwamba siri ya Kariuki ilikuwa udongo. Nikachimba shimo nyuma ya duka. Likasema dub. Nikachimba katikati ya mistari ya kahawa, likasema dub. Nilichimba mashimo kumi na moja, kwenye udongo mwekundu, kwenye changarawe, hata kando ya zizi. Jirani aliniuliza kama natafuta bomba lililopasuka. Mjukuu wangu alilizunguka gitaa mara mbili, akaniuliza linachajiwa wapi.

Ndipo nikamwambia Gichuki tuite tamasha. Yeye amestaafu na alikuwa anatafuta kitu cha kuwa mwenyekiti wake, kwa hiyo alikubali kabla sijamaliza kusema. Kamati niliiambia tunahifadhi utamaduni. Haukuwa uongo, ila kisa hasa nilitaka kumwona Kariuki akichimba.

Hakuna kati yetu aliyewahi kuandaa tamasha, na Gichuki alinakili masharti ya mashindano ya kwaya. Sharti la tatu lilisema kila mshiriki afike na ala yake saa moja kabla, ikaguliwe mezani. Simu hazikunyamaza. Mzee mmoja wa Kerugoya aliniuliza kwa upole, "Mama, sasa shimo nitabeba na nini?" Mwalimu mkuu wa shule ya msingi, iliyojengwa pale pale palipokuwa malisho yetu, alisema hataki kuona jembe kwenye uwanja wa mpira, akatupa ile kona ya nyuma yenye mteremko. Vijana wa vipaza sauti walikuja kupima mahali, wakatazama chini kwa muda mrefu. "Mathe, hapa maiki tunaweka wapi?" Niliwaambia wakae chini wale nduma, kazi yao leo ni kusikiliza. Walikaa, maskini, kila mmoja na vitu vyake masikioni.

Kariuki nilimpata kupitia watu wa kanisa, yuko Kerugoya, fundi wa baiskeli. Nilimpigia mara tatu. Mara ya kwanza alisema ana mgongo mbaya. Mara ya pili, "Nyawira, hiyo mambo ya shimo niliacha zamani, hata sikumbuki." Mara ya tatu aliuliza, "Cucu yenu bado yuko?" Nikamwambia alituacha miaka mingi. Nilisikia baiskeli ikizungushwa gurudumu upande wa pili, tiki tiki tiki, hadi ikasimama. "Basi nitakuja," akasema. Nilidhani ni adabu tu ya kumuulizia mkubwa wetu.

Siku ya tamasha walikuja zaidi ya wachimbaji ishirini, wengi wao watu wazima wenye mvi, na majembe begani kama wanaoenda kulima shamba la mama mkwe. Mzee Abdi, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Nanyuki, alishusha magunia mawili ya udongo mweusi. "Dada, mimi nilijifunza nikichunga mbuzi, na gitaa yangu haijui hii udongo yenu nyekundu," alisema, akaanza kuumwaga ndani ya shimo lake na kuushindilia. Nilifurahi kukuta mtu mwenye wazimu wa aina yangu. Dub, dub, dub, mteremko mzima ukaanza kuongea, na wazee walicheka kila ardhi ilipowajibu.

Kariuki alifika akiwa amechelewa, kofia mkononi, pua kavu. Alinisalimia bila kunitazama sana. Hakutafuta nafasi kwenye mstari kama wengine. Alienda moja kwa moja kwenye kisiki cha muringa, akahesabu hatua nne kwa sauti ya chini, akaanza kufukua. Nilimfuata. Alininyooshea kiganja, "Kaa hapo kwanza," vilevile kama zamani, na nikashangaa kwamba nilitii. Vilitoka vipande vya bati lililoliwa na kutu. Akatupa jembe, akapiga magoti, akaingiza mkono hadi kwenye bega, akawa anatoa udongo ngumi kwa ngumi, taratibu. Kisha akaazima bati la Mzee Abdi, akapigilia vigingi, akafunga waya, akaupinda ufito.

Akachuna.

Sijui nikuelezeje. Ilikuwa ni ile ile. Ilitoka chini, ikavimba, ikakaa hewani, na mashimo mengine yote yakanyamaza yenyewe. Mmoja wa vijana wa vipaza sauti alichomoa vile vitu masikioni akatazama miguu yake. Ng'ambo ya mto niliona skafu nyekundu ikisimama juu ya majani ya chai. Mzee Abdi akasema polepole, "Hiyo si udongo." Kariuki alichuna mara tatu, nne, akauachia ufito, akakaa chini.

"Nyawira, sasa kuja uone," akasema, akang'oa bati.

Nilipiga magoti. Ndani ya shimo kulikuwa na mdomo wa mtungi, na chini yake, alama tatu za kidole gumba.

"Niliukuta kwa nyasi," alisema. "Nilitaka kusikia tu, hiyo jioni moja, nirudishe. Mvua ikanyesha, udongo ikaushika, nikaona nikivuta itapasuka. Halafu nikasikia umechapwa. Nikaogopa. Kila siku nilisema kesho. Halafu tukahama." Akajipangusa pua iliyokuwa kavu. "Sikuutoboa hata kidogo. Uko mzima."

Ningependa kukwambia nilimsamehe papo hapo. Nilimkasirikia, nikamwambia hivyo, nikamwambia Cucu alikufa akiniita mwongo. Nililia mbele ya kamati nzima na mwalimu mkuu, kilio cha mtoto wa miaka kumi na moja. Hata katikati ya kulia, nisikufiche, kuna sehemu yangu iliyokuwa ikisema: kumbe ni mtungi, kumbe mdomo wake ndio uliokuwa unaimba.

Gichuki alivua kofia. Alitazama zile alama tatu, kisha akapiga magoti upande wa pili, akaanza kufukua kwa mikono. Kariuki naye akafukua. Mzee Abdi alisimama juu yao akiwaelekeza, "Pole pole, zungusha, usivute," kama anazalisha ng'ombe. Ilichukua muda mrefu. Washindi tulisahau kabisa kuwatangaza, na hakuna aliyeuliza.

Mtungi ulipotoka, Gichuki aliupangusa kwa shati lake. Akainuka nao, akatazama huku na huku, kamati yote imenyoosha mikono. Akaja hadi mbele yangu.

"Shika wewe," akasema. "Na mimi nilisema ulivunja. Nilisema miaka yote."

Niliushika. Kariuki alifungua mkanda wa gunia la Mzee Abdi, akanisaidia kuupitisha kichwani. Wenzangu, siku hizi mtoto akitumwa maji anaenda hatua tano hadi kwenye bomba, simu mkono mmoja, dumu mkono wa pili, na anarudi analalamika. Chemchemi yetu imezungushiwa saruji na kufungwa kufuli, na pale tulipochezea kati ni kituo cha bodaboda. Simlaumu mtoto. Hana njia ndefu ya kumpotezea kitu, na hana pa kukipata tena.

Lakini mimi nilikuwa nimetumwa maji. Nilishuka hadi kwenye bomba la shule, nikaujaza. Ulivuja kidogo, maji yakanilowesha mgongo kama zamani, nikapanda mlima taratibu, wachimbaji wote nyuma yangu na majembe yao, hakuna aliyenitania. Nyumba ya Cucu bado ipo. Gichuki huhifadhi humo mbolea na kuni. Nilisimama mlangoni nikivuta pumzi.

"Cucu, maji ndiyo haya," nikasema.

Hakuna aliyenijibu kutoka ndani. Niliuweka polepole.