Nitoe Kwenye Video

Duka langu la kuhariri video kisiwani, pale Kilindoni, lilikuwa na milango miwili. Wa mbele ulikuwa wa wageni wa hoteli, waliokuja na video zao za kuogelea na papa potwe, yule papa mkubwa asiyeuma mtu, maana tangu bahari yetu iwe hifadhi kila mgeni alishuka majini na kamera. Wa nyuma ulikuwa wa wanawake. Mimi ndiye niliyekuwa mpiga video pekee anayeruhusiwa kwenye ngoma za ndani za harusi, kwa kuwa ni mwanamke na si mropokaji. Simu zote zilikusanywa mlangoni kwenye kapu, kamera yangu ikapita.

Kesho yake baada ya kila ngoma, kabla sijamaliza chai, hodi za mlango wa nyuma zilianza.

"Shoga, nitoe."

Huyu hakuaga kwake, yule kakatazwa kucheza, mwingine anawaogopa wifi zake. Nami nilikaa na programu yangu kuukuu, nikitafuta uso mmoja mmoja na kuukata, nikimwomba Mungu nisisahau hata mmoja. Nakala ya bibi harusi ilizunguka nyumba kwa nyumba, na mwanamke aliyeonekana humo akikata kiuno wakati hakutakiwa kuwepo aliweza kuamka jicho limefumba. Nimewaona. Mmoja alivunjwa taya, akawa anakunywa uji kwa mrija.

Fundi wa kompyuta, mtu wa bara, alinishauri nihamie toleo jipya. La zamani lilikuwa halifungui tena video za kamera mpya za wageni, na wateja wa mlango wa mbele walianza kunikimbia. Akaniwekea la majaribio; muda ukiisha ningeamua kulipia au kurudi nilikotoka. Kisha akanionyesha kitu: unagusa uso wa mtu, nayo inakuletea kila mahali uso ule ulipo, katika harusi zote ulizohifadhi. Nilipiga kelele kwa furaha.

Siku hiyo hiyo mke wa mvuvi mmoja alikuwa ameniomba nimtoe kwenye ngoma ya harusi iliyochezwa kijijini Baleni. Mumewe alimkataza kwenda. Yeye akasema anakwenda kumwuguza shangazi, akaenda ngomani, akacheza mpaka wenzake wakakaa chini kumtazama. Niliugusa uso wake, zikaja sehemu zote alizoonekana, nikamfuta kwenye nakala ya bibi harusi kama anayepangusa meza. Video yenyewe nikaiacha kwenye kompyuta, kwa sababu sijawahi kuona mtu akicheza vile. Niliirudia mara nyingi, peke yangu, mlango nimefunga. Nikasema programu hii nailipia.

Fundi, Mungu amlipe anachostahili, akaenda kwenye kahawa kujitapa kwamba siku hizi kwa yule mama ukigusa uso tu unajua mtu alikuwa wapi.

Wiki ile watu wa doria ya hifadhi walikuwa wamelichoma juya la yule mvuvi, wavu uliopigwa marufuku. Ghadhabu yake haikuwa na pa kwenda, mpaka maneno ya kahawani yalipomfikia, naye ile safari ya shangazi hakuwa ameiamini. Ikaja kwangu kwa mlango wa mbele, mkononi ameshika chuma cha kuchokolea pweza. Akaweka mezani picha ya pasipoti ya mkewe.

"Nigusie uso huu."

"Hizo video ni za wanawake. Huwezi kuziona."

"Nitaziona leo."

"Programu yangu ni ya zamani, haiwezi hayo."

Alinizaba kofi nikaona nyota. Chuma kikapita sikioni mwangu kikatua kwenye kabati la vioo, vipande vikanichana shingo. Akanishika nywele, akaniburuta hadi kwenye kompyuta, akanikandamiza uso kwenye kioo chake. "Gusa!" Nilimng'ata mkono mpaka nikaonja damu, yake au yangu sijui. Alipoutazama mkono wake ningeweza kukimbia. Lakini programu mpya ilikuwa wazi, nyuso za wanawake wa nusu ya kisiwa zimepangana chini ya kioo. Hata asiyejua kuwasha redio angeweza kuzigusa.

Nililishika jiwe la kuzuilia mlango nikaipiga kompyuta. Nilipiga kioo kikapasuka, nikapiga boksi lake likafunguka, nikaing'oa diski na kuiponda sakafuni mpaka ikawa vipande. Nilikuwa natukana matusi ambayo sikujua nayajua. Yeye alisimama ananitazama tu.

"Haya, gusa sasa!"

Nikaliinua jiwe usawa wa kichwa chake. Ningemuua, sioni haya kusema. Akatoka.

Akaenda nyumbani akampiga mkewe vilevile.

Toleo jipya sikulilipia. Wageni waliondoka na video zao, na mimi nikarudi kwenye programu kuukuu, kwenye kompyuta ya kuazima, nikitafuta nyuso kwa macho yangu. Nilikuwa nimekaa hapo mke wa mvuvi alipobisha mlango wa nyuma. Mkono mmoja ulikuwa umefungwa plasta na jicho moja halifunguki. Tangu kipigo kile alikuwa amehamia kwa mama yake.

"Shoga, ile yangu ilibaki?"

"Hakuna kilichobaki. Nimevunja vyote."

"Amenipiga kwa kitu ambacho hakukiona," akasema. "Na mimi mwenyewe sikukiona." Kisha akauliza, kwa sauti ndogo: "Nilicheza vizuri?"

Ni mimi tu niliyekuwa na ngoma yake ile, kichwani. Nikasogeza meza, nikajifunga kanga kiunoni. Nikamwonyesha alivyoingia akitazama chini, alivyopinda goti, alivyoshuka polepole mpaka kanga ikagusa mkeka. Kidonda cha shingo kilinivuta nikauma meno.

"Mwongo wewe," akasema, akicheka kwa upande wa mdomo usiouma. "Mimi siwezi kwenda chini hivyo."

"Ulikwenda."

Akafuta jicho lake zima kwa ncha ya kanga.

"Rudia," akasema. "Pale niliposhuka."