Mguu wa Kushoto wa Mwenyekiti

Kibanda cha fundi viatu kiliegemea ukuta wa posta, upande wa kivuli. Ndani mlitosha fundi, kigoda chake, na viatu vya watu wasio na haraka. Kila Jumamosi saa tisa alasiri kamati ya kupanda mlima iliketi pale mbele juu ya kreti za soda, na kwa muda wa saa nzima hakuna mteja aliyeweza kufika mlangoni.

Wajumbe walikuwa wanne. Mwenyekiti alikuwa tarishi mstaafu, rafiki wa fundi tangu darasa la pili. Mwalimu alifundisha jiografia, kwa hiyo ndiye aliyejua kwamba mlima wenyewe unakaribia mita elfu sita na una barafu kileleni, ingawa yeye mwenyewe aliuona kwenye kalenda tu. Wa tatu alikuwa shemeji yake fundi, kaka wa mkewe, msimamizi wa ujenzi, mtu wa maneno machache, mengi yakihusu saruji. Wa nne ni fundi.

Wazo la safari lilikuwa la Mwenyekiti, na Mwenyekiti alikuwa na hotuba moja tu.

"Mimi nilivunjika mguu," angeanza. "Nilianguka na baiskeli ya ofisi, nikalala miezi mitatu. Daktari akasema nitachechemea hadi kaburini. Nikaamua sichechemei. Basi."

Hotuba hiyo alishampa mgonjwa wa kisukari, mwanafunzi aliyefeli, mama aliyeachwa na mumewe, na siku moja, bila sababu yoyote inayojulikana, bwana arusi. Watu waliichoka mno, lakini waliiamini. Walimwona kwa macho yao akipita barabarani amenyooka kama rula, na miaka kumi na tisa ya kutembea hivyo si mchezo.

Fundi peke yake ndiye ambaye hakuiamini, maana alijua kilichomo ndani ya kiatu.

Mguu wa kushoto wa Mwenyekiti ulipona ukiwa mfupi kwa unene wa kalamu. Hospitali walimpa kiatu chenye soli nene upande mmoja. Akakitazama, akakitupa chooni, akajifungia ndani wiki tatu akikataa hata kunyoa. Siku ya nne ya wiki ya nne fundi alimpelekea viatu vyake vya kazi, akasema amevipiga rangi tu. Mwenyekiti alivivaa ili rafiki yake aondoke. Akatembea hadi mlangoni, akarudi, akaenda tena. "Nimeamua," akasema, na hotuba ikazaliwa palepale.

Fundi alikusudia kumwambia mwezi ule ule. Kisha ofisi ikamrudisha kazini, kisha akapandishwa cheo, na kila mwezi neno likawa zito zaidi mdomoni. Badala yake akaweka sheria: kiatu kipya hakivaliwi kabla hakijapita kwake kuimarishwa. Mwenyekiti alitii, akijua rafiki yake ana wivu na mafundi wengine. Hata ndara zake zilipita. Akiwa peku, kutoka kitandani hadi bafuni, alichechemea vizuri kabisa, lakini aliamini kila mtu hutembea hivyo kabla ya chai.

Sasa Mwalimu alisoma karatasi ya wenye mlima: mabuti yangekodiwa kule kule chini ya mlima.

"Ya kukodi yana kuvu," fundi akasema.

"Kuvu hiyo umeiona wapi?" Mwalimu akauliza.

"Najua viatu, Mwalimu. Kila mtu atafute buti lake, niliimarishe."

Wakapiga kura, akashindwa tatu kwa moja. Jumamosi iliyofuata akasema mlima una upepo. Iliyofuata akasema una mwinuko. Mwenyekiti akamwekea mkono begani, akamwambia taratibu kwamba woga si dhambi, kisha akampa hotuba. Fundi aliisikiliza yote, na akakubali kuitwa mwoga.

Kilichoharibu mambo ni mazoezi. Shemeji alikuwa anasimamia jengo la ghorofa tisa, na ngazi zilishakamilika. Sheria ya pale ni kwamba huingii bila kofia ngumu na gambuti za kampuni. Fundi alipoziona zile gambuti zimepangwa getini alidai tumbo linamuuma, lakini Mwenyekiti alishaacha viatu vyake kwa mlinzi na alikuwa ngazi ya kwanza.

Hadi ghorofa ya tatu kila mtu alishausikia ule mlio: ta, tap. Ta, tap.

"Mwenyekiti, mguu?" Mwalimu akauliza kwa nyuma.

"Gambuti hii mbovu."

Akabadilishana na shemeji. Ta, tap. Akabadilishana na fundi. Ghorofa ya tano akazivua zote mbili, akazisimamisha sakafuni, akazipima soli kwa soli. Zilikuwa sawa. Akamtazama fundi, na fundi akatazama mifuko ya saruji.

Chini getini Mwenyekiti alivaa viatu vyake, akatembea hatua kumi zilizonyooka, akasimama. Akavua cha kushoto, akaingiza vidole, akatoa soli ya ndani, halafu kipande cha ngozi ya kahawia. Aliijua ngozi ile. Ilikuwa ya mkoba wake wa zamani wa barua, ambao fundi alimwambia haushoneki tena.

"Tangu lini?"

"Tangu uliponyoa."

"Kila kiatu?"

"Na ndara."

Mwenyekiti akatia kipande kile kwenye mfuko wa shati, akavaa kiatu, akaondoka akichechemea, barabara nzima ikimtazama.

Wiki ile fundi alijigonga kidole mara mbili kwa nyundo, na viatu vya karani wa posta akampa mwuza magazeti. Mkewe alimwambia, "Lakini si ulimsaidia?"

"Nilimsaidia bila kumuuliza. Miaka yote hii anawaeleza watu kitu, na mimi nimekaa hapo nagonga misumari." Aliogopa. Alikuwa na wateja wengi na rafiki mmoja, na rafiki huyo alikuwa hajapita upande ule wa posta siku sita.

Jumamosi kreti ya Mwenyekiti ilikuwa tupu. Mwalimu alikuwa ameanza kusema kwamba kikatiba kikao kinaweza kuchagua mwenyekiti wa muda, waliposikia: ta, tap. Mwenyekiti alikuja na mabuti ya mlima ya mtumba mkononi, pamoja na jirani yake, muuguzi, aliyetaka kujiunga na safari. Akaketi.

"Kwa faida ya mjumbe mpya," akasema, na shemeji akafumba macho kwa mazoea. "Mimi nilivunjika mguu. Daktari akasema nitachechemea hadi kaburini."

Akatoa kipande cha ngozi kwenye mfuko wa shati.

"Fundi huyu akaamua sichechemei. Mimi sikuwa na habari."

Mwalimu, ambaye huandika kumbukumbu za kikao, hakuandika.

Mwenyekiti akasimama, akaingia ndani ya kibanda ambamo hamtoshi mtu wa pili, akampa fundi buti la kushoto na kipande cha ngozi. "Ya kukodi yana kuvu," akasema. "Kirudishe. Ila safari hii naangalia."

Fundi alikata, akapaka gundi, akapima kwa kidole gumba. Ilipofika zamu ya kushona ukingo, alielekeza uzi kwenye tundu la sindano mara tatu na kulikosa, maana macho yalikuwa yamejaa maji. Mwenyekiti akamnyang'anya sindano, akaitunga, akamrudishia.